Bawaba Iliyolia Kwi

Watu wengine wakitoka nyumbani hufunga mlango wakaenda zao. Fundi Hakikisha hufunga, akasukuma, akapiga hatua kumi, akarudi kusukuma tena. Mkewe ameshachoka kumuuliza kama mlango una miguu. "Mimi ndiye ninayetengeneza vitasa," hujibu fundi, "kwa hiyo mimi ndiye ninayejua kwamba havina adabu." Mazungumzo huishia hapo, maana kubishana naye juu ya kazi yake ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kibanda chake kiko kwenye kona, kati ya duka la rangi na ofisi ya kutoa nakala. Upana wake ni mikono miwili ukiinyoosha. Ukutani zimetundikwa funguo ambazo hazijachongwa, mamia, ndogo juu na kubwa chini, na mashine ya kuchongea imekazwa mezani kwa boliti nne ambazo vichwa vyake amevilehemu, asije mjanja akazifungua. Ana miaka sitini na mmoja, na masikio mazima kuliko macho. Kitasa kilichokwama hakitazami. Hukiwekea sikio, akakizungusha polepole, akasikiliza pini za ndani zikidondoka moja moja, kisha akakwambia kinaumwa wapi. Ukitaka nakala ya ufunguo atakuuliza nyumba ni ya nani, ufunguo wa kwanza uko wapi na nani mwingine anao. Wateja wapya hudhani ni polisi aliyestaafu. Wa zamani hujibu tu, kwa sababu bila majibu hakuna ufunguo.

Alhamisi moja asubuhi alifika dada mmoja mrefu, nywele kazikata karibu na ngozi, begi mgongoni, spika za masikioni zinaning'inia shingoni. Hakubeba kufuli wala ufunguo uliovunjika. Hilo peke yake lilitosha kumtia fundi mashaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepoteza nini?"

"Sijapoteza, nimepata. Ninatengeneza kipindi cha nyimbo za zamani redioni. Namtafuta mtu aliyekuwa anapiga dramu kwenye bendi ya Nyundo Nne."

Tupa iliyokuwa ikilia juu ya ufunguo ikanyamaza. Fundi akamtazama yule dada toka utosini hadi viatuni, kisha akatazama barabarani nyuma yake, kama kuna mtu amejibanza anachungulia.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mzee. Wazee wa redioni wamenielekeza tu hapa."

"Hapa hapana mtu anayekuja kuulizia bendi bila kutumwa. Kinubi, siyo? Sema tu. Kinubi ndiye kakutuma."

Yule dada hakumjua Kinubi isipokuwa kwa jina lililoandikwa kwenye santuri. Alieleza kwamba ameipata santuri yao, ile ndogo yenye wimbo mmoja kila upande. Ilikuwa imegeuzwa saa ya ukutani kwa kinyozi wa mtaa wa pili. Upande mmoja umeharibiwa na gundi, lakini ule wenye "Mlango wa Nyuma Uko Wazi" uko salama, na ameshauhamishia kwenye simu. Akazivua zile spika shingoni, akazinyoosha mbele ya fundi.

"Ni dakika tatu tu. Sikiliza."

Naomba hilo likumbukwe. Zilikuwa mbele ya pua yake, Alhamisi, saa nne asubuhi, dakika tatu tu. Fundi Hakikisha akarudi nyuma nusu hatua, kama mtu aliyenyooshewa nyoka, akasema, "Simu inaweza kusema lolote. Niletee santuri yenyewe niione kwa macho yangu."

Yule dada akasema ataileta Jumatatu, akaondoka. Fundi akatoka nje ya kibanda kuhakikisha anaelekea upande gani.

Ili umwelewe mtu huyu itabidi urudi naye miaka thelathini na minane. Walikuwa vijana wanne wa chuo cha ufundi wa vyuma, benchi moja, ndiyo maana wakajiita Nyundo Nne. Kinubi alikuwa na sauti na gitaa. Wawili wengine walishika magitaa yaliyobaki, na huyu wa kwetu akashika dramu. Walipiga roki, magitaa yanayokwaruza na dramu za kutetemesha madirisha, katika mji ambao watu wake walitaka muziki wa kucheza wawili wawili wamekumbatiana. Ukumbi ukijaa theluthi moja walijipongeza. Nusu ya vyombo waliviunda wenyewe. Dramu kubwa ilikuwa pipa lililokatwa, na pedali yake, ile ya kukanyagwa kwa mguu, mpiga dramu aliiunda kwa bawaba ya mlango, springi ya kiti cha baiskeli na nati moja. Bawaba ilikuwa inalia. Kila akikanyaga: kwi-du, kwi-du. Aliipaka mafuta ya kila namna, hata ya nywele aliyopewa na dada yake Kinubi, isinyamaze.

Huyo dada yake Kinubi alikuwa mmoja tu, na mpiga dramu alikuwa akimwendea kwa siri. Baba mwenye nyumba alikuwa mkali na sebule ilikuwa yake, kwa hiyo kijana alipitia uani, viatu mkononi, akagonga mlango wa jikoni kwa kucha. Aliamini kwamba hakuna mtu duniani anayejua. Wapenzi wote huamini hivyo, na majirani huwaacha waamini.

Siku ya kurekodi walipewa saa tatu studioni, na barazani kwaya ilikuwa imeshajipanga kungoja zamu yake. Walipiga muziki mtupu, kwa sababu Kinubi alikuwa hajamaliza maneno. Mazoezini siku zote aliimba la-la-la. Wimbo ulipofika katikati, nati ya pedali ikalegea na pedali ikalala chali. Kinubi akapiga kelele kutoka upande wa pili wa chumba. Mpiga dramu, jasho likimtiririka machoni, alisikia neno moja tu, "kaza," akajua anakaripiwa. Hakukuwa na nafasi ya kukaza. Akalipiga pipa teke kwa kiatu mpaka mwisho wa wimbo. Fundi mitambo akatikisa kichwa, kwaya ikaingia, na wao wakabeba pipa lao kurudi nyumbani bila kusemezana.

Wiki mbili baadaye jirani akamletea habari. Kamwona Kinubi akiingia studioni, na nyuma yake mpiga dramu wa bendi ya hotelini, bingwa mwenye vijiti vya dukani. Kijana wa watu hakula siku nzima. Alipomkabili Kinubi, aliambiwa, "Nilikwenda kuimba maneno, bwana. Dramu ni zako zilezile. Santuri ikitoka utasikia mwenyewe." Aliposema hivyo alicheka kidogo, na kile kicheko ndicho kilichoharibu mambo.

Santuri ikatoka. Kinubi akamletea yake hadi mkononi. Kijana akasoma karatasi ya katikati: "Mlango wa Nyuma Uko Wazi." Akaona amedhihakiwa waziwazi. Wamemwingiza mtu mwingine kwa mlango wa nyuma, na juu yake wanamwimbia! Akairudisha palepale. "Mpelekee mpiga dramu wako." Redio iliupiga wimbo mara moja, yeye akiwa juu ya ngazi anatia kitasa jengo la ghorofa, na watu walipomwambia, "Tumekusikia!" akawauliza, "Mlihakikishaje kuwa ni mimi?" Jina likamganda mpaka leo. Santuri zenyewe zilikuwa mia tatu. Nyingi zilipinda kwa joto stoo, bendi ikavunjika, na wimbo ukasahaulika hata na waliousikia.

Angekuwa mtu baki, yangeishia hapo. Lakini alimuoa yule dada yake Kinubi, safari hii kwa mlango wa mbele, na baba mkali alikubali haraka kuliko alivyotegemea. Kinubi akawa shemeji yake wa kudumu. Kwa miaka thelathini na minane walikutana kwenye kila shughuli ya familia, wakaulizana "Salama?" "Salama," kisha kila mmoja akatafuta kiti cha mbali. Watoto walikua na mjomba wa kucheka naye, na baba aliyemnunia mjomba huyo bila kusema kwa nini. Mara mbili mkewe alimwambia wazi: "Ni wewe uliyepiga, na wimbo wenyewe ni wetu." Mara zote mbili jibu lilikuwa moja, kwamba anamtetea kaka yake. Mara ya tatu hakusema tena.

Basi jioni ya ile Alhamisi fundi alimkuta mkewe anakunja nguo za kupeleka hospitali. Kinubi alikuwa amelazwa wiki nzima. Koo lililoimba lilikuwa limeota uvimbe mbaya, na madaktari walikuwa wamepanga Alhamisi inayofuata wamfanyie upasuaji, wakiondoe kisanduku cha sauti chote. Walisema atapona, ila hatasema tena.

"Nenda ukamwone kabla ya Alhamisi," mkewe alimwambia. "Kama una swali lako, kamuulize angali na sauti ya kukujibu."

"Nitakwenda nikishahakikisha."

"Unahakikisha nini tena, baba watoto?"

Akamsimulia juu ya yule dada na simu yake. Mkewe aliacha kukunja nguo, uso ukamfunguka, akataka kusema kitu, lakini fundi alikuwa ameshashika njia yake. "Huoni? Miaka yote hiyo santuri haionekani, halafu inaibuka wiki hii hii. Mgonjwa anataka kujisafisha kabla ya kisu, anamtafuta msichana na simu. Siku hizi simu inaweza kumfanya hata mbuzi aimbe."

"Kaka yangu hata maji yanamshinda kumeza. Nguvu za kupanga njama atazitoa wapi?"

"Kikulacho ki nguoni mwako."

Mkewe akalitazama shati lililokuwa mkononi mwake. "Basi vua zote ukague," akasema, akaenda jikoni.

Jumamosi fundi alikwenda kwa kinyozi kuishika ile hadithi mkia. Kinyozi huyu amemnyoa miaka kumi na mmoja, kila baada ya wiki mbili, kiti kilekile cha mwisho karibu na ukuta.

"Kuna dada alikuja kunyoa akaondoka na kitu chako?"

"Saa yangu," kinyozi akasema, akikung'uta kitambaa. "Mtambo ulikufa, nikaung'oa niweke mwingine. Yeye amekaa hapo, nimemmaliza upande mmoja. Kuona yale maandishi ya nyuma, akaruka kitini na nusu kichwa! Nikadhani nimemkata sikio."

"Saa ipi hiyo?"

"Si ile iliyokuwa juu ya kichwa chako, mzee? Ile santuri. Niliipata kwa mtu wa vitu chakavu, tundu la katikati liko tayari, nikabandika namba na picha ya mkasi. Unaijua vizuri kuliko mimi. Kila ukikaa unaniambia iko nyuma dakika nne."

Ni kweli alikuwa akimwambia. Miaka kumi na mmoja aliikagua saa ile kwa saa yake ya mkononi, asiulize hata siku moja imetengenezwa kwa kitu gani. Upande wenye wimbo ulikuwa umegeukia ukuta, kama shibiri mbili juu ya utosi wake. Mtu mwingine angecheka hapo, au angelia. Fundi alitazama duara jeupe lililobaki ukutani, akauliza, "Huyo wa vitu chakavu yuko wapi? Anafahamiana na Kinubi?"

"Alishafariki huyo, mwaka wa tano sasa. Unanyoa, au umekuja kumhoji marehemu?"

Hakunyoa. Njiani alijikuta anapanga upya mashaka yake, maana marehemu hawezi kutumwa, na saa iliyotundikwa miaka kumi na mmoja haiwezi kuwa njama ya wiki moja. Lakini santuri kuwa ya kweli haikumaanisha dramu ni zake. Labda wa hotelini ndiye aliyemo. Labda alichokuwa akikiogopa miaka yote kiko mle ndani, kimehifadhiwa vizuri. Tuseme ukweli, hapo ndipo penyewe. Fundi alikuwa anaogopa kusikia, na woga wake aliuvika koti la uangalifu.

Jumapili jioni mkewe alimjia sebuleni na simu mkononi, ameifunika kwa kiganja. "Kaka anakuulizia. Sema naye."

"Mwambie salama."

"Mwambie mwenyewe. Huyu hapa."

Sauti nyembamba ilisikika ikikwaruza kwenye simu, haikufahamika inasema nini. Fundi akainua mikono yake miwili juu. "Nina grisi," akasema. Mikono ilikuwa mikavu, na mkewe aliiona.

Jumatatu yule dada alifika na santuri ndani ya mfuko wa kitambaa. Fundi aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaifuata mistari yake kwa kioo cha kukuzia, akainusa. Ilinuka poda ya kinyozi. Kwenye karatasi ya katikati yaliandikwa jina la bendi, jina la wimbo na "Mtunzi: Kinubi."

"Jina langu halimo."

"Hakuna jina la mtu mwingine yeyote, mzee. Wa gitaa la besi naye hayumo."

"Ndivyo wanavyofanya. Wanawatoa wote ili mmoja asijulikane."

Yule dada alikuwa na subira ya ajabu, lakini nayo ilikuwa na kikomo. "Mzee, wimbo ninao hapa kwenye simu. Unaogopa nini?"

"Siogopi. Nataka kuuona ukitoka kwenye santuri, kwa sindano. Gramafoni iko wapi?"

Gramafoni ilikuwa kazini kwake, na chumba kingepatikana kesho yake. Fundi akakubali kesho. Aliona anasonga mbele kwa hadhari, na kwamba Alhamisi bado iko mbali.

Jumanne saa tatu asubuhi aliingia kwenye chumba kidogo ambacho kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Aliizunguka meza, akainama chini yake. "Huu waya unakwenda wapi?"

"Kwenye umeme, mzee."

"Na huu?"

"Kwenye spika."

Akaketi, akakunja mikono kifuani. Yule dada akashusha sindano.

Kwanza ilisikika mikwaruzo, kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Gitaa likaingia. Kisha, chini yake: kwi-du. Kwi-du. Kwi-du.

Mikono ya fundi ikakunjuka yenyewe. Hapakuwa na mpiga dramu wa hotelini mwenye pedali ya bawaba. Hapakuwa na mwenye pedali ile popote isipokuwa yeye, aliyeilaani na kuipaka mafuta ya nywele. Akasogea, akaweka sikio kwenye spika kama anavyoliweka kwenye kitasa. Nyuma ya dramu kulikuwa na tari, inatikiswa kwa ustadi, polepole. Akamjua mtikisaji mara moja. Bingwa wa hotelini alikuja kweli, na alikuja kutikisa tari. Jirani hakusema uongo wowote. Nyumba yote ya mashaka ilijengwa juu ya tari.

Kisha Kinubi akaanza kuimba, ana miaka ishirini na minne, koo zima:

*Mlango wa mbele una baba na kufuli,*
*mlango wa nyuma uko wazi;*
*vua viatu, pita jikoni,*
*rafiki yangu, nakuona kila siku.*

Fundi akashika ukingo wa meza. Viatu mkononi. Kucha kwenye mlango wa jikoni. Kumbe kuna mtu alikuwa akiliacha lile komeo wazi kila jioni, na yeye akajiona mjanja. Akakumbuka jinsi baba mkali alivyokubali haraka, akaelewa ni nani aliyemlainisha.

Wimbo ukafika katikati. Kwi... na pale kwi ya pili ilipotakiwa pakawa kimya, tari ikashika mdundo peke yake, na kutoka mbali, upande wa pili wa chumba kile cha zamani, ikasikika sauti ya kijana anayepiga kelele huku anacheka. Halafu mateke ya kiatu kwenye pipa: pu, pu, pu, mpaka mwisho.

"Hapo," yule dada akasema, akiinua sindano. "Tumebishana sana hapo. Wenzangu wanasema anasema 'Chemsha, kaza.' Wewe unasikiaje?"

Fundi aliweka sikio tena kwenye spika. Alimwomba arudishe, akarudisha, akamwomba tena.

"Shemeji," akasema mwishowe. "Anasema, 'Shemeji, kaza.'"

"Shemeji yake alikuwa nani kwenye bendi?"

"Kinubi ana dada mmoja tu, mwanangu."

Siku ile ya kurekodi alikuwa bado hajapeleka posa. Hata mwenyewe hakuwa amejiambia kwamba ataoa. Kinubi alimpa dada yake mbele ya maikrofoni, kati ya magitaa, huku nati inadondoka, na yeye akasikia "kaza" peke yake akaichukulia karipio. Lile neno la mbele lilikuwa limefungiwa kwenye santuri siku zote hizo, likimngoja. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Akasimama akasema anakwenda hospitali sasa hivi, akatoka, akaacha mlango wazi nyuma yake.

Alikuwa hajavuka barabara simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya mkewe, iliyochoka.

"Usiku alishindwa kupumua. Hawakungoja Alhamisi. Wamempeleka alfajiri."

"Ameshaingia chumba cha upasuaji?"

"Ameshatoka, baba watoto."

Alisimama pale ukingoni, watu wakimpita. Akahesabu: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Siku tano alikuwa na wimbo mlangoni kwake na mtu wa kumjibu kitandani. Jumapili sauti ilikuja hadi sebuleni kwake, akaiambia ana grisi.

Waliruhusiwa kumwona Jumatano alasiri. Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, na fundi akakaa kando yake akamwambia yote aliyoyasikia, hadi viatu na kucha. Mkewe alisikiliza kama mtu anayesimuliwa nyumba alimozaliwa.

"Ulikuwa unayajua maneno yale," fundi akasema.

"Kaka aliniapisha nisikwambie. Alitaka usikie mwenyewe, uone haya, ucheke. Alisema itakuwa zawadi yako ya harusi. Nikaona unateseka, nikavunja kiapo mara mbili, na wewe hukuniamini hata kidogo." Hakusema kwa hasira, na hilo lilimchoma zaidi. Akampa simu yake. "Yule dada ameniletea wimbo humu. Ingia nao."

Kinubi alikuwa ameegemezwa mito miwili, bandeji nyeupe kuzunguka koo, daftari na penseli juu ya blanketi. Macho yalikuwa yaleyale ya utundu. Fundi akasimama miguuni pa kitanda, na kwa mazoea ya miaka thelathini na minane mdomo ukamponyoka:

"Shemeji, salama?"

Mara akakumbuka kwamba hakuna wa kujibu, akaona aibu mpaka masikioni. Kinubi alichukua penseli, akaandika taratibu, akamgeuzia daftari. Lilikuwa neno moja: "Umehakikisha?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali, akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza hakukiweka mbali. Akailaza simu kwenye mto, kati ya kichwa chake na cha shemeji yake, akabonyeza. Mikwaruzo, gitaa, kwi-du, kwi-du. Kinubi akafumba macho, vidole vyake vikishika nyuzi hewani. Vijana wanne wa benchi moja walipiga, mmoja akaimba juu ya mlango aliouacha wazi, na fundi akamsikiliza mbele yake mwenyewe, bila kuuliza kitu.

Wimbo ukafika katikati, nati ikalegea. Midomo ya Kinubi ikasogea sawasawa na ile kelele, kooni hakutoka hata pumzi, na sauti ikatoka kwenye simu:

"Shemeji, kaza!"

"Nakaza, shemeji," fundi akajibu. "Nakaza."